Mama Asiya na Chupa Iliyokwenda Harusini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika maabara yetu, Bi Raisa Hadji, ambaye hapa Rumonge sote tunamwita Mama Asiya, anastaafu tarehe 30 Septemba 2025. Mkurugenzi ameagiza wasifu huu uandikwe kwa uchangamfu. Tutajitahidi. Chumba cha seli kilikuwa na watu wawili. Sasa kitabaki na mmoja, naye ndiye anayeandika haya, akiwa amechoka tangu asubuhi.

Mama Asiya aliingia maabara akiwa msichana wa kupima malaria, akaendelea na kazi hiyo hadi macho yakaanza kumlalamikia. Miaka tisa iliyopita maabara ilianza kazi mpya ya kutia jeni ngeni kwenye seli za kinga, akatafutwa mtu wa kujifunza. Wengine tulitazama dari. Yeye akanyoosha mkono, na tangu hapo hakuna aliyemwona akimaliza chai yake ikiwa bado ya moto.

Kwa ndugu wa idara nyingine wanaodhani tunafuga wadudu: seli za kinga ni askari wa mwili. Tunazipata kwenye damu ya watu wanaojitolea, kisha tunazipiga shoti ndogo ya umeme wa betri ili utando wake ufunguke kidogo na jeni ya kiumbe mwingine ipenye. Jeni yetu ya majaribio asili yake ni mnyama laini wa baharini mwenye mwanga wa kijani, ambaye sisi watu wa ziwani hatujawahi kumtia machoni. Seli ikimpokea mgeni huyo nayo hung'aa kijani, tukajua njia iko wazi. Tumaini ni kwamba siku moja tutapitisha humo jeni ya kumsaidia askari kumtambua mdudu wa kifua kikuu anayejificha ndani yake. Lakini askari hapendi mgeni. Zetu zilikufa, tukaanza upya, zikafa tena, miaka ikaenda.

Zile chache zilizopona ziliuawa na kukatika kwa umeme. Seli hizi zinataka joto la mwili wa mtu wakati wote, na kabati la joto bila umeme ni kabati tu. Kila umeme ulipokatika, Waziri, bawabu wetu, alipiga simu: "Mama Asiya, umeme iko imeenda." Simu hiyo ilimkuta sokoni, ilimkuta msibani, ilimkuta kijijini Kizuka akimsaidia dada yake kukamua mawese. Alikuja kwa pikipiki, na mafuta yalipoadimika alikuja kwa miguu, akinung'unika njia nzima. Tusimpambe: kunung'unika alikuwa anakujua.

Mwaka huu tukapewa neno la mwisho. Wafadhili wangefika Jumatatu kutoka Bujumbura, na wasipoona seli hai zinazong'aa, chumba kingegeuzwa stoo. Jumamosi asubuhi Mama Asiya aliinama kwenye hadubini, akaziona zimeng'aa. Alikuwa tayari amevaa nguo za harusi, maana siku hiyo ndiyo alikuwa akimwoza binti yake, Asiya. Kabla hajatoka, umeme ukakatika. Jenereta ilikuwa kavu. Mwenzake wa chumba cha seli alikuwa ametumwa Minago na bido, dumu la mafuta, kutafuta mazutu ya kuwashia jenereta, akarudi alasiri na bido jepesi vilevile.

Basi Mama Asiya akakaza kizibo cha chupa bapa yenye zile seli, akaifunga tumboni kwa kanga, chini ya gauni, akaenda kumwoza mwanawe.

Hakucheza. Hakuinuka kitini. Mkwe wake, Bi Riziki wa Kabezi, mama wa bwana arusi, alimjia mikono wazi mbele ya wageni wote, akapewa ncha za vidole. Kwetu jambo kama hilo halisahauliki hata baada ya wajukuu kuzaliwa. Minong'ono ikaenea kwamba mama wa bibi arusi hautaki ukoo ule, na Asiya akalia na wanja wake wote. Mama angesema nini? Kwamba amejifunga damu ya watu tumboni siku ya harusi? Anasema katika miaka yote hiyo hakuna siku iliyomchosha kama ile, kumwona mwanawe analia na asiweze kumvuta kifuani.

Umeme ulirudi jioni, seli zikiwa hai. Jumatatu wafadhili walitazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakanywa fanta, wakaondoka, na chumba kikabaki. Hakuna aliyeruka kwa furaha. Mama Asiya alilaza kichwa mezani akasinzia hapo hapo.

Siku chache baadaye alikwenda Kabezi kumwomba Bi Riziki aje kazini kwetu. Bi Riziki alikuja kanuna. Akainamishwa kwenye hadubini, akaelezwa habari ya chupa na kanga, akavitazama vile vidoa vya kijani kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hizi zilikatala unikumbate?" akasema. "Ungeniambia, mukwe wangu. Tungezibeba sisi wawili."

Akafungua mikono tena, na safari hii alikumbatiwa sawasawa. Tuliokuwepo tulijifanya tunaosha vioo.

Mama Asiya, asante, murakoze. Umetuachia chumba ambacho si stoo, na mgeni aliyepokelewa. Zawadi yako rasmi ni kitenge, utakabidhiwa baada ya hotuba. Zawadi nyingine ni hii: Waziri amefuta namba yako kwenye simu ya lango, akaandika ya mwenzako. Tunakutakia usingizi, mama yetu. Umeme ukikatika, geukia upande wa pili, uendelee kulala.

Anwari, chumba cha seli