Bi. Edinah Bochaberi, Mlinzi wa Herufi Nene

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba chetu cha kuchapia mabango hapa Kisii mjini, Bi. Edinah Bochaberi anastaafu. Alikuja mwaka 1991 kufagia na kuosha roli za wino. Kufikia Krismasi ya pili alikuwa akipanga herufi.

Fahari yake ni droo mbili za herufi za mbao: nene, ndefu, zimebanana kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya harusi. Niwaeleze wageni kazi ya herufi hizi. Majina ya kwetu ni marefu, na familia iliyofiwa haipendi jina la marehemu likatwe vipande. Kwa kuwa hazina upana, hulifanya jina litoshe katika mstari mmoja. Kwa kuwa mistari yake ni minene, husomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini ni herufi za kupaza sauti, si za mazungumzo. Hilo Bi. Edinah alijifunza kwa aibu. Mapema kazini alichapa ratiba nzima ya mazishi kwa herufi za aina hiyo, zikiwa ndogo. Katekista aliisogeza karatasi mbali, akaisogeza tena mpaka mkono ukaisha urefu, kisha akafumba macho na kusali kwa kumbukumbu.

Mwaka 2013 tulinunua kompyuta. Gibson, mbunifu wetu, alimwonyesha meneja wa wakati huo, Bw. Obwocha, kwamba herufi yoyote pana inaweza kubanwa humo. Meneja akaamuru droo zile ziuzwe kama kuni. Bi. Edinah hakupandisha sauti. Aliomba siku moja ya soko ya kuzishindanisha na kompyuta, akasema akishindwa atazibeba kuni hizo mwenyewe.

Mabango mawili yalitundikwa sokoni Marani, moja lake na moja la Gibson, maneno yale yale, ukubwa ule ule. Wauza ndizi walilisoma la Bi. Edinah kutoka mwisho wa soko. La Gibson, mmoja wao, Mama Nyakerario, alisema limekonda kama ng'ombe wa kiangazi, akauliza ni nani anayelinyima chakula. Sababu ni hii: ukiibana herufi pana, mistari ya wima hukonda, ile ya kulala ikabaki minene. Herufi iliyochongwa nyembamba tangu mwanzo haipotezi nguvu zake.

Bw. Obwocha alicheka, akafuta agizo. Bi. Edinah hakutosheka, maana mbao huoza na watu hustaafu. Kwa miaka miwili, kila Jumatano alasiri, alichapa herufi moja moja kwenye karatasi safi, naye Gibson akazichora upya ndani ya kompyuta. R aliikataa mara tisa. Alisema mguu wake umelegea.

Wiki iliyopita Gibson alipanga peke yake bango la mkutano wa wakulima wa chai wa Itumbe. Bi. Edinah alivuka barabara, akageuka, akalisoma lote. Kisha akaenda zake nyumbani bila kusahihisha kitu.

Mbuya mono, asante sana, Bi. Edinah. Afya, wajukuu na mvua ya wakati wake vikuandame shambani.