Usingizi wa Vipande Vitatu

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa ghala la zamani, umelazwa juu ya matofali nje ya kibanda cha fundi viatu, na tundu la kitasa bado lilikuwapo, kwa hiyo aliyekaa upande wa kushoto alikaa kwa tahadhari. Wenyeji wake kila adhuhuri walikuwa watatu. Kisigino, fundi viatu, alizungumza huku misumari imo mdomoni. Masafa, fundi redio, alijua kila kilichowahi kutangazwa na mengi ambayo hayakutangazwa. Nakala Tatu, karani wa manunuzi katika ofisi ya halmashauri ng'ambo ya barabara, hata salamu angeipokea vizuri zaidi kama ingekuja na mhuri. Mama Birika aliwauzia kahawa na kuwasikiliza, na hili la pili hakulitoza chochote. Siku hiyo Nakala hakugusa kikombe. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua gotini.

— Someni swali la kumi na nne.

Masafa akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

— "Je, unalala mchana? (a) Silali. (b) Nalala, si zaidi ya nusu saa. (c) Nalala zaidi ya nusu saa." Ahaa! Hii ni fomu ya wale wauguzi waliowatoboa vidole huko ofisini wiki iliyopita?

— Ndiyo hiyo. Sukari yangu wamesema iko mpakani. Fomu inatakiwa saa tisa kamili.

— Basi swali liko wapi? — akauliza Kisigino. — Wewe unalala saa moja na nusu nyuma ya kabati la zabuni. Tunakuona ukitoka na alama ya kibanio cha karatasi shavuni.

— Saa moja na dakika ishirini.

— Haya, samahani. Weka (c).

— Aliye mpakani akiweka (c) anapewa barua ya kwenda hospitali kuu, akapimwe upya kila kitu. — Nakala alikunja karatasi, akaikunjua tena. — Kaka yangu alianza na barua hiyohiyo. Leo anatembelea magongo.

Kisigino alipiga msumari mmoja kwenye soli ambayo haikuuhitaji. Masafa akadakia.

— Redio ililisema hili juzi. Wataalamu wamechunguza watu chungu nzima. Wanaolala mchana zaidi ya nusu saa wanakutwa zaidi na kitambi, presha na sukari. Wanaosinzia kidogo tu, haikuonekana hivyo.

— Kwa nini?

— Hapo ndipo umeme ulipokatika.

— We Masafa, kila siku umeme unakatikia kwenye jibu! — akasema Mama Birika.

— Jibu ninalo mwenyewe. Mwili una stesheni zake. Mchana unapokea, usiku unarusha. Ukilala saa nane, ini linadhani ni usiku, kongosho linajua ni mchana, stesheni zinaanza kugombana hewani. Sukari inakaa katikati haijui itii ipi.

— Uongo, — akasema Kisigino. — Sukari ni kama gundi ya viatu. Ukiitikisa, ni maji. Ukiilaza, inaganda. Mtu aliyelala saa moja na dakika ishirini, huko ndani amebandikana. Ndiyo maana akiamka goti linalia.

— Mimi naona ni ile ofisi, — akasema Mama Birika. — Mtu anakoroma mdomo wazi chini ya mafaili ya miaka thelathini. Vumbi la faili lina maombi ya watu ndani yake. Unameza maombi ya watu mchana kutwa, tumbo litaacha kutoka?

Nakala hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye (b), na polepole uso wake ulipata ule mwanga ambao wazabuni walikuwa wakiuogopa.

— Ngojeni. Manunuzi yakizidi kiwango, lazima yatangazwe, kamati ikae, mkaguzi aje. Sivyo? Lakini ukiyagawa vipande, kila kipande kiko chini ya kiwango. Hakuna kamati, hakuna mkaguzi.

Kisigino alitoa misumari mdomoni.

— Kumbe ndivyo mnavyofanya huko?

— Ni marufuku kabisa. Ndiyo maana naujua utaratibu wake. Sasa: dakika ishirini na nane, naamka, napiga hatua mbili. Dakika ishirini na nane nyingine. Halafu za mwisho. Kila usingizi haujazidi nusu saa. Naweka (b), na nimesema kweli.

— Mwili utajua? — akauliza Mama Birika.

— Mwili utasoma fomu kama wengine.

Lakini Nakala hakuwa mtu wa kuweka alama kwenye karatasi ya serikali kwa jambo ambalo halijafanyika. Ikaamuliwa lifanyike hapohapo. Masafa akashika saa, Kisigino akashika nyundo, na Nakala akajinyoosha benchini, mbali na tundu la kitasa. Masafa alikuwa bado hajamaliza kusema "tunaanza" wakati mwenzao alipokuwa ameshaondoka.

— Mtu analala kama amezimwa swichi, — akanong'ona Kisigino.

Dakika ya ishirini na nane nyundo iligonga ubao, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama Birika ikabidi amnyunyizie maji usoni. Nakala akaamka, akanywa jagi zima la maji bila kupumua, akapiga hatua mbili kama mtu anayevuka matope, akalala tena.

Kipande cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho alipofika mwanamke ameshika sendo mkononi, kamba imekatika. Hakuna aliyemjua. Alimtazama mtu aliyelala, akamtazama mwenye saa, akamtazama mwenye nyundo.

— Huyu baba anaumwa?

— Haumwi, — akasema Masafa. — Yuko kipande cha pili.

Wakamweleza yote, la ini na la gundi na la kamati, na yeye akasikiliza kwa adabu, mguu mmoja umekanyaga juu ya mwingine. Nyundo ikapigwa, maji yakamwagwa. Nakala akakaa kitako, macho mekundu, mkono unalitafuta jagi.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, nauliza tu. Ukiamka hivi, huwa uchovu umeisha?

Masafa akaitazama saa. Redio haikuwa imelisema hilo. Kisigino akaichukua ile sendo, akaigeuza, akaigeuza tena. Mama Birika alimtazama Nakala.

Nakala alitaka kusema ndiyo. Ndilo jambo ambalo mtu husema. Lakini alikuwa ametoka kulala karibu saa nzima, na mwili wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyebeba lile kabati la zabuni mgongoni. Akakumbuka kwamba mwaka juzi saa kama hizi hakuwa analala kabisa. Alikuwa hapahapa akimfunga Masafa drafti. Usingizi ulianza lini? Ulikuja pamoja na kiu. Ulikuja pamoja na kuamka mara nne usiku kwenda msalani, jambo ambalo hakuna swali la fomu lililomuuliza, naye hakujiuliza: huenda sukari ndiyo iliyouleta usingizi.

— Bado kipande kimoja, — akasema Masafa, kwa sauti ndogo sana.

Nakala aliiweka fomu juu ya paja, akatia alama kwenye (c). Kalamu ilitoboa karatasi.

— Hospitali kuu wanaanza kupima saa ngapi asubuhi?

— Saa moja, huwa nampeleka mama yangu, — akasema mwanamke. — Lakini usile kitu kabla.

— Hata kahawa? — akauliza Masafa.

— Kwani unakwenda wewe? — akasema Mama Birika.

Kisigino alikuwa akivuta uzi kwenye kamba ya sendo, hakuinua kichwa.

— Nitakupitia saa kumi na mbili na nusu.

— Aa, usijisumbue, ndugu yangu. Una kazi za watu hapa.

— Sijakuuliza, — akasema Kisigino, akaukata uzi kwa meno.