Bi Palizi Ameyaona Marejea Yakichanua

Tarehe 30 mwezi huu Bi Palizi anastaafu, baada ya kuitumikia bustani yetu ya mimea kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lililo kwenye barua yake ya ajira ni jingine, lakini nani analikumbuka? Magugu yakimwona yananywea.

Alianza kwa kufagia njia, akawa mpalilizi, hatimaye mkuu wa kitalu. Ni mkali, tusidanganyane. Ukiacha mpira wa maji njiani, utaulizwa kama kwenu ndoo hulala mlangoni.

Sasa tuje kwenye marejea, mimea na vichaka vya maua ya njano ambavyo maganda yake yakikauka hulia kama kayamba. Tulikuwa na tuta moja la aina fupi, na hatukujua mahali pengine ilipobaki. Mwaka mmoja tulitarajia wageni. Marejea hayakuwa yametoa hata ua, na Bi Palizi akadhani ni magugu. Aling'oa tuta zima, akachoma kila kitu, akafagia pakang'aa. Alipoambiwa, alikaa pale pale kwenye udongo akalia. Tukamliwaza kwamba kuteleza si kuanguka. Akajibu kwamba yeye ameanguka, tena chali.

Uongozi ulipotaka kupanda nyasi pale, alisema wampande yeye kwanza. Alijua mbegu za marejea zina ganda gumu na huweza kulala ardhini miaka mingi. Basi kila jioni akachekecha udongo wa tuta lile kwa chekecheo la unga la nyumbani kwake, na kila mbegu aliyoiokota akaisugua kwa msasa ili maji yaingie, kisha akaipanda kitaluni. Mumewe, fundi seremala, alikuja kwetu kulalamika: chekecheo limehama, na sasa msasa nao! Sisi tulimtania mama eti anaoka mikate ya vumbi. Hakutugombeza, na hilo ndilo lililotutisha.

Misimu mitatu, patupu. Wa nne zikachipua mbili. Mbili tu, jamani! Ilikuwa marufuku kupiga chafya karibu nazo. Kutokana na hizo mbili tumejaza kitalu, na bustani nyingine zimepata mbegu.

Lakini mwenyewe hakuridhika. Alitaka maua yachanue kwenye tuta lile lile alilolimaliza, kabla hajavua sare. Mara mbili tulihamishia miche, mara mbili ikafa, na tarehe ya kustaafu ikawa inatukodolea macho. Tukahamisha mara ya tatu, roho mkononi.

Jumanne iliyopita tuta zima liligeuka njano. Bi Palizi alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio na rungu, akidhani kuna mwizi. Alipoona maua, akatupa rungu akapiga makofi.

Asante, mama yetu. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe, na magoti yapone. Ulichokiua kwa mkono wako, umekifufua kwa mkono wako.