Vitambaa vya Bi Mwanvita na Kombe la Sataranji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maabara ya kompyuta ya chuo chetu hapa Morogoro, Bi Mwanvita Kondo anastaafu tarehe 30 Juni. Mwandishi wa wasifu huu aliagizwa aandike kwa furaha. Atajitahidi, ila uso umemjaa haya.

Bi Mwanvita alianza akiwa fundi msaidizi, akapanda hadi mkuu wa maabara. Wengi wanamjua kama refa wa mashindano yetu ya kila mwaka, ambapo wanafunzi wa vyuo hawachezi sataranji wenyewe. Huandika programu, na programu ndizo zinazopambana. Sharti lake halikuwahi kulegezwa: programu zote ziendeshwe kwenye kompyuta za maabara, za aina moja, ili ashinde mwenye akili, si mwenye mashine ya bei mbaya. Mwaka fulani timu moja ilishusha garini kompyuta kubwa kama friji. Alimkaribisha mhadhiri wao kwa adabu zote, akaisifia mashine, kisha akaamuru irudi garini. Wee! Mhadhiri alinuna mpaka chai ya saa nne.

Sasa aibu yenyewe. Novemba iliyopita, kwenye mashindano, tulipokea wageni kutoka Dodoma. Bi Mwanvita, mtu wa Kinole aliyelelewa kumheshimu mgeni, alileta vitambaa alivyofuma mwenyewe, vile vya kufunikia redio na televisheni, akazipamba kompyuta za maabara walizopangiwa wageni. Kwa upande wetu vitambaa havikutosha, zetu zikabaki wazi. Siku hiyo joto lilikuwa la kukausha mate. Tulishinda, tukapiga vigelegele, kombe likaingia kabatini.

Alipovitoa vitambaa akavifue, alikuta kompyuta za moto kama pasi. Kumbe vilikuwa vimeziba matundu ya hewa, na kompyuta ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Programu za Dodoma zilikuwa zinafikiri kwa kujikokota huku saa yao ya mchezo inakwenda. Bi Mwanvita aliketi pale pale, akalia. Refa aliyekataa friji ya watu ndiye aliyewafunga wageni breki kwa mkono wake mwenyewe.

Alitaka tuwaambie. Sisi wa idara, jamani, tukamwambia ayaache: wageni hawajalalamika, kosa lenyewe ni la ukarimu, na yeye kabakiza miezi michache tu, ya nini kujiharibia jina? Maneno matamu, lakini tulichokuwa tunakilinda ni kombe.

Hakubishana. Alimpigia simu Paskalia, kiongozi wa timu ya Dodoma, akamweleza yote, kisha akapanda basi na kombe mapajani. Sisi tulijua siku mkuu wa chuo alipowaleta wageni wake walitazame kombe, akafungua kabati tupu mbele yao. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuinua uso.

Dodoma wamekubali turudiane siku ya kumuaga, kabla ya chakula, kompyuta zote zikiwa wazi. Sisi, kwa kujifanya waungwana, tuliwaandikia kwamba tutatafuta refa mwingine ili wasiwe na wasiwasi. Paskalia akajibu kwamba wasiwasi wanao, tena mkubwa, lakini ni na sisi. Asipochezesha Bi Mwanvita, hawaji.

Basi, dada yetu, utuchezeshee mara hii ya mwisho. Tunakushukuru, na tunakuomba radhi mbele ya watu wote. Mungu akujalie afya na utulivu huko Kinole.