Kipimajoto cha Bi Mwanvita

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Bi Mwanvita wa Mwembesongo, hapa Morogoro mjini. Bi Mwanvita ametutoka Jumanne. Habari zake tumezipata kwa mkwewe, Mwaisha, aliyeishi naye nyumba moja tangu alipoolewa.

Mnaikumbuka miaka ile baada ya ruksa? Biashara zimefunguliwa, Kariakoo imefurika vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu. Yusuph, mtoto wa Bi Mwanvita na mume wa Mwaisha, alikuwa dereva wa lori. Siku moja akarudi na kipimajoto. Si kile cha kioo cha kuweka kwapani, jamani! Hiki cha betri. Unakiweka sikioni au kwenye paji la uso, kinalia tii, namba inatokea.

Basi mtaa mzima ukahamia kwa Bi Mwanvita. Hata kina mama walioshusha ndizi kutoka mlimani walipitia hapo na watoto mgongoni. Naye alikuwa mkali!

"Sikio limelalia mgongo wako, litaacha kuchemka? Mshushe apumzike kwanza! Na wewe, mkaushe mwanao uso. Maji hayo yatatudanganya."

Akimkuta mtoto ana homa, anamkimbiza mama yake hospitali. Mwaisha naye akafundishwa, akajua.

Lakini Bi Mwanvita mwenyewe? Hakupimwa na mtu. Mwaisha alimwonea haya. Amshike mama mkwe usoni, tena amtie kitu sikioni? Thubutu!

Masika moja Bi Mwanvita akaanza kutetemeka. Yusuph yuko safarini. "Uchovu tu huu," akasema. Alikuwa ametoka kutawadha, uso umelowa. Akajipima mwenyewe kwenye paji la uso. Tii. Thelathini na sita.

"Umeona? Mzima mie! Nipishe niswali."

Mwaisha alijua ni yale maji. Alijua pia kwamba akinyamaza, anaweza kumpoteza. Akamsubiri amalize sala.

"Mama, nisamehe."

Akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake, akafunua ushungi, akaweka kipimajoto sikioni. Thelathini na tisa na nusu.

"We mtoto, una adabu kweli?" Bi Mwanvita akaja juu.

"Sina, Mama. Twende hospitali."

Ilikuwa malaria kali. Alilazwa, akapona. Mwaisha anasema, "Niliogopa akirudi atanisusa. Wapi! Aliwaambia majirani, 'Huyu kanivua ushungi bila ruhusa, na ndiyo maana mnaniona.'" Wakacheka sana siku hiyo. Ah, raha iliyoje nyumba ile!

Wakaishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, mpaka uzee ulipomchukua Bi Mwanvita. Jumanne wanawake wa ukoo walikusanyika kumwosha. Dada zake wapo, binti zake wapo. Mwaisha akajiweka nyuma kabisa, analia. Ndipo Yusuph akatoa neno aliloachiwa na mama yake: "Anioshe Mwaisha. Yeye hanionei haya tena."

Yusuph, Mwaisha na ukoo mzima, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila nyumba ina mtu anayewagusa wengine paji la uso wakiugua. Je, yeye anaguswa na nani? Msimwonee haya. Inukeni mkamuulize hali yake.