Diski Yawekwa Ndani Bila Kosa

Kwenye basi, mama mmoja alikuwa amepakata kompyuta kama mtoto mwenye homa. Jirani yake wa kiti alikuwa fundi. Bisibisi zilimjaa mfukoni mwa shati.

"Ilikuwa inazimika kila mara diski ikianza kuzunguka," mama alimweleza. "Nikajua mlafi ni huyo, anamaliza umeme wote. Nikamchomoa."

Alimsema diski kama wifi aliyekuja kwa siku mbili akamaliza mwezi.

"Ikaacha kuzimika?"

"Ikaacha. Ila tasnifu ya mume wangu haionekani, na keshokutwa inatakiwa chuoni."

"Si imo kwenye diski! Diski yenyewe iko wapi?"

"Kwenye friza. Nimemtia adabu."

Fundi alinusa mgongo wa kompyuta. "Dada, pawa saplai inayoleta umeme ndiyo imeanza kuungua. Diski haina kosa. Itoe, ikauke kabisa, ndipo tujaribu. Huenda kazi ya shemeji ikapona."

"Huenda?"

"Huenda. Na leo umwombe shemeji radhi."

"Fundi, wiki nzima yeye aliipiga kompyuta makofi. Mimi nilifanya uchunguzi!"

Basi likasimama. Mama akajitwika mgonjwa wake, akashuka, kisha akageukia dirishani.

"Simwombi. Na huyo wa kwenye friza pia simwombi!"