Profesa Aliyeomba Makala Yake Isitajwe

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, seremala. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na ndiye pekee aliyeuliza swali kisha akasubiri jibu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na sekondari ya bweni mwaka 1971. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1980, ya uzamivu mwaka 1987. Siku ya mahafali jirani alimuuliza mama yake binti kasomea nini.

"Saratani."

"Ili aitibu?"

"Hapana. Anailisha."

Mama hakukosea. Kazi ya marehemu ilikuwa kuotesha seli za saratani ndani ya chupa, kuzilisha zikanenepa, kisha kuzitafutia kifo.

Mwaka 1988 jokofu la maabara liliharibika, akaitwa fundi.

"Humu mna nyama gani, dada?"

"Saratani."

"Basi nitalitengenezea hapa mlangoni."

Fundi alirudi kulikagua mara nyingi kuliko jokofu zima linavyostahili, na tarehe 2 Desemba 1989 wakafunga ndoa. Walijaliwa binti na mwana.

Marehemu alichapisha makala nyingi, ambazo zilisomwa na wanaohusika. Moja, ya mwaka 1994, ilieleza jinsi seli za saratani ya ini zinavyokufa zikinyimwa protini fulani, ikamletea sifa kila pembe ya dunia. Ndugu zake hawakuielewa hata mstari, lakini walijua watafiti wangapi wameitaja, na walitangaza idadi hiyo kwenye kila harusi.

Mwaka 2006 mwanafunzi wake wa uzamivu alizipima seli zile kwa kipimo kipya cha vinasaba. Hazikuwa za ini. Zilikuwa za mlango wa kizazi, zilizokuwa zikioteshwa rafu ya chini. Marehemu alikumbuka papo hapo: siku za haraka alikuwa akichota lishe ya aina zote mbili kutoka chupa moja. Seli chache zilivuka, zikazaana, zikawamaliza wenyeji, zile za ini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humo mwenyeji hakupona.

Mwezi uleule aliliandikia jarida, na makala ikafutwa rasmi. Aibu ilianza hapo, maana makala iliyofutwa iliendelea kutajwa kana kwamba haikupata habari. Aliwaandikia waliomtaja, mmoja mmoja, akiwasihi waiondoe. Wengi walimshukuru kwa kuwasoma. Kamati ya vyeo nayo iliijumlisha, ikampa uprofesa. Alikwenda kwa mkuu wa idara.

"Mzee, ile si kweli, na mnajua."

"Profesa, kompyuta haiulizi wamekutaja kwa heri au kwa shari. Inahesabu tu."

Aliomba jina lake litolewe kwenye orodha ya waliopandishwa. Wakausifu unyenyekevu wake. Jioni hiyo mumewe alimkuta jikoni, koti mwilini, taa haijawashwa.

"Wamekunyima?"

"Wamenipa," alisema, akalia.

Tangu hapo hakuhudhuria harusi ya ukoo bila kwanza kuuliza nani atashika kipaza sauti.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alisema safari hii wapime vizuri. Wodini, daktari kijana alisoma jina kwenye faili, akamshika mkono kwa furaha.

"Profesa, kumbe ni wewe! Makala yako ndiyo iliyonifanya nichague kazi hii."

Marehemu alijiinua kwa kiwiko. "Mwanangu, ilifutwa."

"Lini?"

"Ukiwa shule ya msingi."

Daktari alikaa kitandani bila kuombwa. "Nimeifundisha Jumatatu."

"Basi nenda kafundishe tena."

Alirudi baada ya siku chache, akasimama mlangoni. "Nimewaambia, Mama."

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

"Walinicheka mimi?"

"Mimi."

"Pole, mwanangu," alisema, akampapasa mkono. "Mimi nilipowaambia wangu, nilikuwa peke yangu."

Alifariki tarehe 11 Agosti 2023, asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka wawili na dada mmoja. Wiki hii makala ile imetajwa tena. Wenzake wa fani walioketi hapa wanaombwa, kabla ya kuleta maua, wakatazame walichoandika. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, nao wamwache apumzike.